Herufi AF na hesabu iliyo nyuma yake

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Mei, binamu yangu alinipigia simu akilia kwa furaha. Alikuwa kwenye duka la steshenari kule Mbagala, palepale alipopigiwa picha na kujaziwa fomu Oktoba iliyotangulia, na kijana wa kompyuta alikuwa amemfungulia ukurasa unaosema amechaguliwa katika bahati nasibu ya Green Card, kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani. Nikamwambia, nisomee namba. Akasoma: mwaka, kisha herufi A na F, kisha tarakimu zenyewe. Nyuma yake nasikia vigelegele, na sauti ya mtu inasema, "Marekani hiyo, dada!" Mimi nikanyamaza. Namba ilikuwa ya mkiani kabisa mwa foleni, na sikupata moyo wa kumwambia mbele ya watu wote wale.

Nimewasaidia ndugu na majirani wengi kujaza hizi fomu, na karibu wote wanaamini jambo moja: kwamba ni bahati tupu. Kuna anayefunga, kuna anayemwomba shehe dua, kuna anayejaza usiku wa manane ili intaneti isimsumbue. Siwalaumu. Lakini bahati huingia mwishoni kabisa. Kabla kompyuta haijachanganya majina, serikali ya Marekani imeshafanya hesabu, imeshaigawa dunia katika mifuko sita, na imeshaamua kila mfuko utapata viza ngapi. Herufi AF ni jina la mfuko wetu. Hesabu hiyo naitetea, na nitasema kwa nini, kisha nitasema inapoumiza.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria ya kugawa nafasi za uhamiaji kwa kila nchi. Ujerumani ilipewa nafasi 51,227 kwa mwaka. Dola Huru ya Ireland 28,567. Tanganyika, iliyokuwa chini ya Waingereza, ilipewa 100. Ruanda-Urundi, 100. Na sheria hiyohiyo iliagiza kwamba, katika kukokotoa asili za Wamarekani ili kupanga nafasi za baadaye, wazao wa watumwa wasihesabiwe. Soma tena sentensi hiyo. Mamilioni ya watu walioletwa kwa minyororo na kujenga nchi ile, ilipofika siku ya kuhesabu nani ana asili gani, waliambiwa asili yao haimo kwenye hesabu.

Mwaka 1965 mfumo huo ulifutwa. Ukaja mwingine ambao kwa sehemu kubwa unasimama juu ya familia: aliyeko kule humwombea mwenza, mtoto, mzazi au ndugu. Unasikika wa haki, na kwa Wamexico, Wafilipino na Wahindi umefungua milango mingi. Lakini usipokuwa na mtu kule, nani atakuombea? Mwafrika ambaye babu wa babu yake aliuzwa Virginia hana shangazi wa kumjazia karatasi. Undugu ulikatwa baharini.

Cha ajabu ni kwamba waliopiga kelele juu ya tatizo hilo hawakuwa Waafrika. Walikuwa Waairishi. Miaka ya 1980 vijana wengi wa Ireland walikuwa wakiishi Boston na New York bila vibali, kwa kuwa ndugu zao wa Marekani walikuwa wa vizazi vya mbali mno kuweza kuwaombea. Wabunge wenye wapiga kura wenye asili ya Ireland, kama Brian Donnelly wa Massachusetts na Bruce Morrison wa Connecticut, wakasukuma viza za nyongeza, na sheria ya 1990 ikazaa mpango wa viza za anuwai, ndiyo hii bahati nasibu. Katika miaka mitatu ya mpito, 1992 hadi 1994, asilimia 40 ya viza 40,000 za kila mwaka zilitengwa kwa ajili ya wazaliwa wa Ireland. Kwa hiyo tusidanganyane: mlango huu haukuchongwa kwa ajili ya mtu wa Mbagala.

Ila kuanzia mwaka wa fedha wa 1995 Ireland ilikoma kupendelewa na ikabaki kanuni, na kanuni haikujua kupendelea.

Inakwenda hivi. Kila mwaka huangaliwa wahamiaji walioingia Marekani kwa njia ya familia na ajira katika miaka mitano ya karibuni. Nchi iliyotoa zaidi ya watu 50,000 katika miaka hiyo mitano inatolewa nje kabisa. Ndiyo maana Mexico, India na China hazimo. Kisha huangaliwa kanda. Kanda iliyotoa zaidi ya sehemu moja ya sita ya wahamiaji wote inaitwa yenye wahamiaji wengi, na iliyo chini ya hapo inaitwa yenye wahamiaji wachache. Asia iko kwenye wengi, pamoja na kanda inayobeba Amerika Kusini, Mexico, Amerika ya Kati na Karibea. Afrika, Ulaya, Oceania na Amerika Kaskazini ziko kwenye wachache.

Sasa geuza. Tuseme kanda zenye wengi zimetoa wahamiaji 80 katika kila 100. Basi asilimia 80 ya viza za bahati nasibu wanapewa wale wengine, wenye wachache. Kioo kabisa: kadiri wenzako walivyotangulia kwa wingi kwa mlango mkubwa, ndivyo wewe unavyopewa zaidi kwenye mlango mdogo. Na ndani ya kundi hilo mgao hufuata wingi wa watu. Hapo ndipo Afrika inaponyanyuka. Tuna zaidi ya watu bilioni moja. Kanda ya Amerika Kaskazini, kwa kuwa Kanada imetolewa kwa kutoa wahamiaji wengi na Mexico imewekwa kanda nyingine, imebaki na nchi moja tu, visiwa vya Bahamas. Oceania ina watu wachache. Kwa hiyo fungu kubwa linagawanywa kati ya Afrika na Ulaya, na hiyo Ulaya ya sheria hii ni pana: Uturuki imo, Uzbekistan imo. Juu ya yote kuna dari: hakuna nchi inayoruhusiwa kuchukua zaidi ya asilimia 7 ya viza zote, ambazo kisheria ni 55,000, ingawa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 baadhi hukatwa kwa ajili ya sheria nyingine.

Mimi naiona hesabu hii kuwa ya haki kuliko sehemu nyingine yoyote ya sheria za uhamiaji za Marekani. Ni mahali pekee ambapo kutokuwa na mtu kule kunahesabiwa kwa faida yako. Mwaka 1924 walituhesabu wakaona tunastahili nafasi 100. Kwa kanuni hii wametuhesabu kama watu, kichwa kwa kichwa, na ghafla bara letu limekuwa miongoni mwa wapataji wakubwa wa viza hizi. Kwa hiyo nikisikia mwanasiasa wa kule anasema hizi ni viza za kugawa ovyo, nashindwa kunyamaza. Aliyechaguliwa lazima awe amemaliza elimu ya sekondari au awe na uzoefu wa kazi inayohitaji mafunzo, anakaguliwa afya na rekodi za polisi, anakaa mbele ya ofisa na kuulizwa maswali. Bahati inampeleka kwenye foleni tu.

Wapo pia wa hapa nyumbani wanaolalamika kwamba tunapoteza wasomi. Wakienda wakatuma ada za wadogo zao, nitawasikiliza tena.

Kinachonisumbua kwenye mgao wenyewe ni swali la mahali ulipozaliwa. Mfuko wako haufuati pasipoti, unafuata ardhi ulipolia mara ya kwanza. Nina shemeji wawili, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa amezaliwa Unguja. Mdogo amezaliwa Muscat, Oman, wakati wazazi wakiishi na kufanya kazi huko. Lugha yao moja, chungu chao kimoja, na siku moja walikaa meza moja wakijaza fomu zao. Mkubwa akaingia mfuko wa Afrika, mdogo akaingia wa Asia. Mdogo akaniuliza, "Kaka, mimi Muasia tangu lini?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Kama wazazi wangekuwa Muscat kwa kupita tu, sheria ingemruhusu adai nchi yao. Lakini walikuwa wakaazi. Kwa watu wa mwambao, ambao ukoo mmoja umetandaa kutoka Pemba hadi Salala, mistari hii ya kanda inapita katikati ya nyumba.

Na kuna Nigeria. Tangu bahati nasibu ya mwaka wa fedha wa 2015 Wanigeria hawaruhusiwi kushiriki, kwa sababu walivuka ile 50,000. Wengi hapa wanadhani Nigeria iliadhibiwa kwa ulaghai. Hapana. Waliopita kwa bahati nasibu wenyewe hawaingizwi kwenye ile hesabu ya miaka mitano. Wanaoingizwa ni wanaokuja kwa familia na ajira. Waliotangulia walipopata uraia, wakawaombea wake, waume, wazazi na ndugu, na hao ndio waliojaza kibaba. Inauma kwa kijana wa Ibadan asiye na ndugu hata mmoja Houston, lakini mantiki naielewa: mlango mdogo unafungwa pale mlango mkubwa unapokuwa umefunguka. Na Nigeria ilipotoka, watu wake nao walitolewa katika idadi inayopima mfuko wa Afrika. Mfuko uliposinyaa, hakuna aliyetangaza.

Nirudi kwa binamu. Miaka mingi huchaguliwa zaidi ya watu laki moja, pamoja na wenza na watoto wao, kwa viza zisizofika 55,000. Sababu ipo: wengi hawaendelei, wengine wanakosa sifa, na serikali haitaki viza zibaki. Ndani ya kila mfuko waliochaguliwa wanapangwa kwa namba. Kila mwezi hutolewa taarifa inayosema kanda fulani imefikia namba fulani, na nchi zenye waombaji wengi, kama Misri, mara nyingi huwekewa ukomo wao wa chini zaidi. Namba yako ikifikiwa, unaitwa usaili na kulipa dola 330 kwa kila kichwa. Isipofikiwa kufika tarehe 30 Septemba, mwaka wa fedha unafungwa na kila kitu kinakufa usiku huohuo. Hakuna kusogezwa mwaka unaofuata.

Binamu hakuyajua haya. Mtu mmoja aliyejiita mshauri wa viza alimtoza fedha ya kujaza fomu ya pili, ambayo haina malipo. Akauza cherehani mbili kati ya tatu alizokuwa nazo ili apate pasipoti za watoto, vyeti, na akiba ya nauli. Mteja akileta kitambaa anaambiwa, dada anasafiri. Nilipomweleza kuhusu namba yake, mwezi wa Julai, aliniangalia kama mtu anayemwonea wivu. Kufika Septemba alikuwa anafungua ile taarifa kwenye simu yake kila siku, ingawa hutoka mara moja tu kwa mwezi.

Ukurasa wa matokeo unaonya kwamba kuchaguliwa si kupata viza. Unaonya kwa Kiingereza, katikati ya maandishi mengine, kwa mtu ambaye ameshaona neno moja tu na machozi yamemjaa. Ninachotaka ni kidogo sana. Palepale penye namba ya mtu, paandikwe: katika miaka mitano iliyopita, kanda yako iliishia namba hizi. Namba tano. Serikali inazo. Mwenye namba ya mbele angejiandaa, na wa mkiani angeziacha cherehani zake mahali pake.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna kanuni inayolizuia. Mwisho wa Januari 2020 rais Donald Trump alitia saini amri iliyowazuia Watanzania na Wasudan kupata viza za bahati nasibu, hizo tu na si nyingine, na Joe Biden akaifuta siku aliyoingia madarakani, 20 Januari 2021. Juni 2025 ikaja amri nyingine iliyozuia viza za uhamiaji kwa Warundi, pamoja na wengine. Desemba 2025 serikali ya Trump ikatangaza kuusimamisha mpango wenyewe, baada ya mauaji ya chuo kikuu cha Brown ambayo mshukiwa wake alikuwa Mreno aliyepata ukaazi kwa njia hii. Mwaka 2017 vilevile, baada ya mtu mmoja wa Uzbekistan kuwaua watu wanane New York, yalitolewa madai kwamba mpango wote ufutwe. Mtu mmoja wa mfuko wa Ulaya anafanya uovu, na mwalimu wa Kigoma mwenye namba nzuri ya AF anakosa usaili. Bunge liliandika hesabu inayohesabu watu, na kalamu ya mtu mmoja inaifuta kwa majina ya nchi. Hilo ndilo ningependa wanasheria wetu walioko kule walipiganie kabla ya jingine lolote.

Binamu alirudi kwenye cherehani yake moja. Ile karatasi yenye herufi AF ameibana ndani ya daftari la vipimo vya wateja. Oktoba iliyofuata alijaza tena, yeye na mumewe, kila mmoja fomu yake, jambo ambalo sheria inaruhusu. Steshenari hakwenda. Picha nilimpiga mimi, chumbani kwa mama, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye ukuta mweupe, na kabla sijabonyeza aliniambia, "Safari hii namba nitakusomea wewe kwanza."