Sweta imerudi, hela haikurudi

Sweta niliyonunua sokoni Mwanjelwa, Mbeya, mwezi wa sita ilirudi siku ya kwanza ilipoonja maji. Mikono ikaishia karibu na viwiko. Ilikuwa mpya, si mtumba; mtumba ungekuwa umeshamaliza kurudi huko ulikotoka. Nikaikunja, nikaibeba hadi kwa kijana aliyeniuzia, nikamwambia: "Mdogo wangu, sweta imerudi, sasa na hela irudi."

Akacheka mpaka jirani yake wa viatu akageuka. Kisha akanyoosha kidole kwenye kipande cha boksi kilichoning'inia juu ya henga: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. "Mzee wangu, hela nilishanunulia mzigo mwingine. Nikubadilishie tu." Saizi yangu hakuwa nayo. Nikaondoka na kofia moja na jozi tatu za soksi, na sweta yangu vilevile akaniachia, labda kwa huruma.

Kwenye bajaji nikawa najiuliza kile nilichokwenda kudai, kile Waingereza wanachokiita refund, kwa Kiswahili kinaitwaje. Mtu wa ofisini atakujibu haraka: marejesho. Mamlaka ya Mapato wanasema marejesho ya kodi, na ukituma hela kwenye namba isiyo yake unapiga simu huduma kwa wateja uombe muamala urejeshwe. Haya. Sasa nenda kalitamke hilo neno mbele ya mama anayeuza mchele wa Kyela pale sokoni. Hatafikiria hela inayokuja kwake hata kidogo. Atafikiria siku ya kikundi.

Marejesho, huku kwetu, ni mkopo. Ni daftari, ni mwenyekiti wa kikundi, ni wanawake kumi wamekaa kwenye benchi wakimsubiri mmoja ambaye simu yake haipatikani, kwa sababu asipoleta yeye watachanga wao. Ni ile mikopo ambayo mitaani tumeibatiza kausha damu. Nimewahi kumsikia jirani akimzuia mwanawe kuchukua shilingi elfu mbili mezani: "Hiyo acha, ni ya rejesho." Mtoto akairudisha bila kuuliza swali la pili. Neno ambalo lingepaswa kutaja hela inayotoka kwa mwenye duka kuja kwa mnunuzi limeshachukuliwa na hela inayotoka kwa mama muuza mchele kwenda kwa mwenye mtaji. Mimi siwezi kulitumia kwa sweta, kinywa kinakataa.

Kuna fidia, lakini fidia ni ya madhara. Barabara ikipanuliwa ikapita sebuleni kwako, unadai fidia. Sikudhurika, nilipigwa baridi tu. Kuna chenji, ambayo ni haki ya mtu aliyetoa noti kubwa, ingawa hata hiyo siku hizi unaweza kupewa pipi. (Hela yenyewe ni neno tuliloachiwa na Wajerumani. Mwaka 1904 walileta sarafu yao ya Heller, rupia moja ikawa hela 100 badala ya pesa 64 za zamani. Wajerumani wakaondoka, hela ikabaki. Nayo haikurudi kwao.)

Nenda stendi ndiko utakakosikia lugha ya jambo hili ikiwa hai. Basi likikufia mlima Kitonga usiku, konda hatamki neno rejesho wala nauli. Anasema, "Tulieni, mtafaulishwa." Kufaulishwa ni kupandishwa gari jingine, na ukishafaulishwa ukasimama wima kutoka Kitonga hadi Uyole, habari ya nauli imekwisha. Ni kubadilishiwa kulekule kwa yule kijana wa sweta. Biashara yetu inajua kubadilisha, kupunguza, kuongeza fungu. Kutoa noti iliyokwishaingia mfukoni ndiko isikokujua.

Si kwamba hatukuwahi kuwa na desturi ya kurudisha. Rungwe, ndoa ikivunjika, ng'ombe wa mahari walidaiwa warudi, na wazee walikaa kujadili wangapi na kwa nini, wakati mwingine kwa muda mrefu kuliko ndoa yenyewe. Hakuna aliyetundika ubao mlangoni kwamba binti akishaolewa ng'ombe hawarudi. Lilikuwa jambo la kuzungumzwa.

Sheria nayo hailitambui sana lile boksi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na kijana aliniambia kwa kinywa chake kwamba sweta ni "sufu orijino, hata uichemshe." Lakini nani atakwenda mahakamani kwa sweta? Nauli ya kwenda na kurudi siku tatu za kesi ingeninunulia nyingine mbili.

Kinachonikera zaidi ni sarufi ya lile tangazo. Hairudishwi. Nani harudishi? Hamna mtu pale, mali imekataa yenyewe. Ndiyo maana silitafuti tena jina la kitu hiki, wala siwasikitikii watafsiri wanaolihangaikia. Kitenzi kinatosha, tena chenye ile -ia yake: nirudishie hela yangu. Ndani ya neno moja nimo mimi, umo wewe, na pochi yako imo. Mtu hawezi kujificha nyuma ya boksi ukishamwambia hivyo. Anaweza kukataa, sawa, ila akatae kwa mdomo wake: sikurudishii. Kulisema hilo ukimtazama mteja machoni ni kazi kidogo, na ndiyo maana yule kijana aliamua kucheka na kunyoosha kidole.

Juzi nilipita tena pale nikitafuta jaketi. Akaniona toka mbali. "Mzee wangu, karibu, ila hii usiifue kwa maji ya moto." Nikamwuliza, nikiifua kwa baridi ikarudi je? Akafikiri kidogo, akasema, "Utanirudishia, tutaongea."

Nimeinunua. Sweta anavaa mtoto wa darasa la tatu, inamkaa vizuri sana.