Gari Langu Lina Umbea

Mganga akitaka kujua siri zako anapiga bao. Fundi wangu wa uchochoroni kule Mwanjelwa, Mbeya, hahangaiki na bao. Anafungua tairi la mbele, anachungulia, anaguna "mh!", halafu ananitazama kama mke aliyekuta meseji kwenye simu ya mumewe.

Jumatatu nilimpelekea IST yangu inalia kila nikigusa breki. Nikamweleza kwa heshima zote: "Fundi, spea za siku hizi feki tupu." Hakujibu. Alichomoa breki pedi moja akaniwekea kiganjani. Ile sehemu ya kusagia imebaki nyembamba kama ukucha wa mtoto, halafu imeungua mpaka inang'aa kama kigae.

"Mzee," akasema, "ulikuwa Tukuyu."

Jamani! Hata ofisini niliaga naumwa.

"Umeshuka Isyonje mguu juu ya breki," akaendelea, "na mzigo ulikuwa nao." Akanyoosha mkono chini ya gari, akatoa kipande cha jani la mgomba. Nikajua leo nimekwisha.

Ni kweli, nilikwenda kumchukua mama mkwe. Mama mkwe wa kule hasafiri mikono mitupu. Mikungu mitatu ya ndizi, maparachichi mfuko mzima, kuku mmoja. Tumefika Isyonje akaona viazi, akasema viazi vya mjini havina ladha, tusimame. Gunia likaletwa, lumbesa, limevimba shingo kama lina hasira. Wale vijana wakalisukumia nyuma, gari likakaa matako chini, taa za mbele zikawa zinamulika ndege. IST hiyo, si Fuso.

Sasa ile barabara kutoka Isyonje ni kushuka tu, Igawilo mpaka Uyole. Mwenye akili anatia gia ndogo, injini inalishikilia gari, breki anagusa na kuachia ipumue. Mimi gari langu ni la otomatiki, na hapo kwenye gia pana alama ya L ambayo kwa miaka minne niliamini ni ya wanaojifunza, kumbe ndiyo hiyo gia ndogo. Kwa hiyo nikaanza na N, gia huru, kubana mafuta. Gari likaponyoka kama ng'ombe aliyeona mtama. Nikarudisha D kwa pupa, nikakanyaga breki, na sikuutoa mguu tena. Tumefika karibu na Igawilo harufu imejaa ndani.

"Mwanangu," mama mkwe akasema huku amekumbatia mkungu, "kuna kitu kinaungua."

"Wanachoma mashamba, mama."

"Na mvua hii?"

Nikawasha redio.

Hiyo habari ya N ndiyo iliyoniuma zaidi. Fundi anasema gari la injekta, ukiachia resi likiwa kwenye gia, kompyuta inakata mafuta yenyewe, magurudumu ndiyo yanaizungusha injini. Ukiweka N injini lazima inywe ili isizimike. Yaani miaka minne nabana matumizi kwa kuyaongeza, na kila mteremko nilikuwa najipongeza.

Mimi si mtu wa kusema watu, lakini si kila kitu ni mimi. Ninaye shemeji. Mwezi wa Juni, saa kumi na mbili asubuhi, mlima Loleza umejifunika ukungu, baridi inauma mpaka masikio, yeye anawasha gari na kukanyaga resi papo hapo: vuuum! vuuum! Eti anaipasha injini. Oili ya asubuhi ni nzito kama uji uliolala, haijapanda huko juu, vyuma vinasagana vikavu. Inatakiwa uwashe, utulie kidogo, uondoke taratibu, injini ipate joto njiani. Nilimkaripia vizuri sana. Akasema ameniona mimi nikifanya. Sawa, lakini mwenye kadi ya gari ni nani?

Tukahamia kwenye gia boksi. "Unakaa mlimani?" Nakaa Isanga, ndiyo. "Na hendibreki huvuti." Ni lini nilimwambia huyu mtu kwamba sivuti hendibreki? Kumbe ukiweka P, ile ya kuegesha, kwenye mwinuko ukaachia, gari zima linaning'inia usiku kucha kwenye kijino kimoja cha chuma humo ndani. Ndiyo maana asubuhi nikitoa P inalia "kah!" Mimi nilidhani ndiyo shikamoo yake.

Matuta akayapita haraka, nikashukuru. Alisema tu kwamba breki unashika kabla ya tuta, ukilipanda uwe umeshaiachia, maana ukipanda nayo pua ya gari imeinama na shokapu inapigwa ikiwa imeshajibana. Ningependa na waliojenga yale matuta waitwe hapo gereji, tuhojiwe pamoja.

Halafu akawasha swichi, akaiona taa ya mafuta. Ile ya njano. Akacheka, na ndiyo mara ya kwanza kumwona anacheka. Mimi hujaza ya elfu kumi. Taa hiyo nimeizoea kiasi kwamba kuna siku ilizimika nikadhani globu imeungua. Fundi anasema pampu iko ndani ya tangi na inapozwa na petroli hiyo hiyo inayoisukuma, kwa hiyo pampu yangu inaoga kwa kijiko. Na ikifa, bei yake ni tangi zima la mafuta na chenji hupati.

Akaandika hesabu kwenye boksi la spea. Sitaitaja, mke wangu anasoma haya. Nikaomba apunguze kwa kuwa mimi ni mteja wa siku nyingi. Akasema ndiyo, wa siku nyingi mno, mteja mzuri huonekana mara mbili kwa mwaka.

Jana nimelichukua. Nimelipa, nimeagana naye vizuri, nimeingia na roho ya mtu aliyetoka kuungama. Nikatia R kutoka uchochoroni, bodaboda nyuma yangu akapiga honi, nikashtuka, na gari likiwa bado linarudi nyuma nikatupa D.

Kah!

Fundi alikuwa uvunguni kwa Noah ya mtu, miguu tu inaonekana. Hakutoka wala hakusema kitu. Mkono ulichomoza, ukapapasa pembeni, ukachukua kalamu.