Boksi la baridi mlangoni, na sindano inayosafiri kwenye begi

Hapa Uingereza gari linasimama mlangoni, linashusha boksi lenye pakiti za barafu, na ndani yake mna sindano 12 za miligramu 40 za glatirama, dawa ya multipo sklerosisi. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa: wiki nne zimekwisha. Mgonjwa wa multipo sklerosisi, yaani ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia ubongo na uti wa mgongo, haulizwi hela. Gari likichelewa kidogo, simu zinapigwa kwa hasira. Mtu aliyekulia Ujiji, Kigoma, akisikia hasira hizo, roho inamuuma.

Najua mtakachosema: ameshakuwa Mzungu, anatuonyesha friji lake. Hapana, jamani. Tena mimi ndiye wa kwanza kumbishia anayedai Kigoma hatuwezi kutunza dawa ya baridi. Chanjo za watoto zinafika vijiji vya mwambao kwa boti, zikiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na wahudumu wetu ndio wanaozifikisha. Glatirama inataka nyuzi hizohizo, na ina uvumilivu zaidi: inaweza kukaa nje ya friji hadi mwezi mmoja, mradi joto lisivuke nyuzi 30. Kinachoiharibu haraka ni kuganda. Hapo ndipo ndugu wanapokosea, wanaifunga pamoja na barafu ya samaki, migebuka, au wanaisukuma juu kabisa ya friji, ikigusana na friza. Sindano iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Weka kitambaa kinene au magazeti kadhaa kati ya barafu na dawa.

Tatizo letu ni bei, na bei hujadiliwa. Mwaka 2002, NICE, taasisi ya Uingereza inayopima kama dawa inastahili gharama yake, ilizikataa glatirama na interferoni beta, dawa nyingine ya ugonjwa huu. Serikali haikuishia hapo. Ilikaa na watengenezaji wakakubaliana wagonjwa wafuatiliwe kwa miaka 10, na dawa isipotimiza ahadi bei ishuke. Marekani dawa za mwanzo za ugonjwa huu, zilizoingia sokoni kwa dola 8,000 hadi 11,000 kwa mwaka, zilipanda mpaka karibu 60,000, kwa hiyo sisemi nje kote ni peponi. Leo zipo jeneriki, yaani nakala za bei nafuu za dawa hizo, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza glatirama kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Orodha hiyo wabunge wetu waende nayo Dodoma, waiulizie. Na wewe unayesema huu ni ugonjwa wa Wazungu: kwetu ni nadra, sawa, lakini kuutambua kunahitaji picha ya MRI ya ubongo. Wangapi wameambiwa wamelogwa kabla hawajapigwa picha hiyo?

Kuna watakaosema basi tutumiane tu dawa kwenye mabegi ya wasafiri. Hilo ndilo linalonitia hofu, kwa sababu begi linabeba sindano, halimbebi muuguzi. Januari 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea glatirama onyo la ngazi ya juu: mzio mkali unaoweza kuua, unaoweza kutokea kwenye dozi ya kwanza au baada ya miaka ya kuitumia bila shida. Mzio huo watu wanauchanganya na hali nyingine isiyo hatari sana, ambapo mara baada ya kuchoma uso unawaka, kifua kinabana, moyo unakwenda mbio, kisha vyote vinatulia baada ya dakika chache. Lakini ukiona vipele mwili mzima, midomo au koo kuvimba, pumzi kukatika, au hali inazidi badala ya kupungua, usisubiri itulie. Inatakiwa adrenalini: kwa mtu mzima nusu mililita ya adrenalini yenye nguvu ya 1 kwa 1,000, kwenye msuli wa paja upande wa nje, achome mhudumu.

Kuchoma kwenyewe hakuna ugumu. Itoe dawa kwenye friji dakika 20 kabla, maana ya baridi inauma zaidi. Tumboni kaa sentimita 5 mbali na kitovu, usipasugue baadaye, na kila unapochoma badilisha mahali; ukirudia palepale mafuta ya chini ya ngozi yanaisha na vishimo vinabaki moja kwa moja. Ila dozi ya kwanza isichomewe sebuleni. Iwe Maweni, hospitali ya mkoa wa Kigoma, au kituo chochote ambacho umeuliza na kuhakikishiwa kuwa adrenalini ipo, na mgonjwa akae hapo saa nzima kabla ya kupanda bodaboda kurudi nyumbani.