Sindano ya kupunguza uzito: nyoka au ung'ongo?

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na dawa za kuzima hamu ya kula zimeshauma watu; ndiyo maana wapo wanaoishuku sindano mpya ya semaglutaidi. Fenfluramini iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Rimonabanti iliruhusiwa Ulaya mwaka 2006, ikasimamishwa 2008 kwa sababu ya sonona na mawazo ya kujiua.

Kisha sibutramini. Ilikuwa imetumika zaidi ya miaka kumi ndipo utafiti wa SCOUT, wa wagonjwa wapatao 10,000, ulipoonyesha kuwa matukio makubwa (mshtuko wa moyo, kiharusi, moyo kusimama au kifo cha maradhi ya moyo na mishipa) yaliwapata asilimia 11.4 ya waliopewa dawa, na asilimia 10 ya waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Ikaondolewa 2010. (Bado inakamatwa Marekani, imefichwa ndani ya vidonge vya "mitishamba" vya kupunguza mwili vinavyouzwa mtandaoni. Kuna wanaoiogopa sindano ya daktari huku wakimeza vidonge hivyo.)

Semaglutaidi, sindano ya kila wiki iitwayo Wegovy, hupunguza wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito katika wiki 68. Mimi sishawishiki na kilo, maana hata sibutramini ilipunguza kilo. Kinachonishawishi ni utafiti wa SELECT wa 2023: kati ya watu 17,604 wenye maradhi ya moyo au mishipa, matukio makubwa ya aina hiyo yaliwapata asilimia 6.5 ya waliopewa semaglutaidi, na asilimia 8 ya waliopewa sindano tupu. Pale pale sibutramini ilipoanguka, hii imesimama.

Haikusimama bure. Huleta kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kukosa choo. Mara chache, vijiwe vya nyongo au kuvimba kongosho. Katika SELECT asilimia 16.6 waliiacha kwa sababu ya madhara, mara mbili ya kundi la sindano tupu. Misuli nayo hupungua pamoja na mafuta, na kwa mzee hilo si dogo. Ukiiacha, ndani ya mwaka takriban theluthi mbili ya uzito uliopungua hurudi. Watetezi hujibu kwamba hata presha hurudi ukiacha vidonge. Sawa, ila vidonge vya presha ni rahisi, na sindano hii wengi hawawezi kuinunua mwaka hadi mwaka.

Kwa aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, naona faida inazidi madhara. Anayetaka kupunguza kilo tano kabla ya harusi asijifiche nyuma ya SELECT: walioshiriki walikuwa na miaka 45 au zaidi, wanene, na moyo au mishipa yao ilikuwa imeshaugua.