Uzima tele, lakini ni nani anayetoa uhai?

Tukikutana asubuhi tunaulizana, "Mzima?" Ndiyo maana Yohana 10:10 inatuingia bila mkalimani: "Mimi nalikuja ili wawe na uzima, kisha wawe nao tele." Mzima ni asiyeumwa, aliyekula, asiye na pengo. Ila wengi wetu hufunga Biblia hapo, na mstari wa 11 unasema mchungaji mwema huutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo. Uzima, kisha uhai. Kigiriki nacho kina maneno mawili, zoe na psyche, na Kiswahili chetu hakikuyachanganya.

Wahubiri wa mafanikio wanashika mstari wa 10, nami siwabezi upesi. Katika Injili hiyohiyo Yesu alilisha wanaume elfu tano, vikabaki vikapu 12, na neno la Kigiriki la "tele" lina shina moja na lile la mabaki hayo ya mkate. Uzima huo unatafunwa. Kumwambia mama ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada kwamba uzima ni wa rohoni tu, hayo ni maneno ya mtu aliyeshiba.

Wa upande wa pili, wahubiri wa msalaba, wanajibu kwa chembe ya ngano ya Yohana 12:24: isipoanguka ikafa, hukaa peke yake. Nao wana hoja. Imani isiyogharimu kitu inageuka duka, na Mungu anakuwa muuzaji. Lakini ni aya hizohizo za kujikana anazosomewa mke anayepigwa: vumilia mama, beba msalaba wako.

Februari 1, 2020, watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kuwahi mafuta ya upako uwanjani. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 baada ya waumini kuhimizwa wafunge kula hadi kufa ili wakakutane na Yesu. Huku waliahidiwa baraka, kule waliambiwa waiache dunia. Mahubiri mawili yasiyopikika chungu kimoja, lakini kote aliyekufa ni kondoo, ilhali Yohana 10 inamtaja mchungaji. Tena katika mstari wa 18 anasema hakuna amwondoleaye uhai, anautoa mwenyewe. Kwa hiyo swali langu kwa mhubiri yeyote, wa utele au wa msalaba, ni moja: anayetoa hapa ni nani, na kinachotolewa kinakwenda kwa nani?

Ndipo nawakumbuka wanafunzi wa seminari ndogo ya Buta, Burundi. Aprili 30, 1997, waasi waliwavamia wakawaamuru watengane, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa. Waliuawa vijana 40. Hakuna aliyewadai kufa, na hakuna aliyepata faida kwa kufa kwao. Mimi hapo nauona uzima tele, ingawa naandika nikijua wazazi wao wangewapenda wakiwa hai, na siwezi kuwalaumu.

Mjane wa senti mbili je? Huwa anasomwa kila siku ya changizo. Haisomwi aya iliyotangulia, Marko 12:40, ambako Yesu anawashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mjane alitoa "riziki yake yote pia". Yawezekana Yesu alimsifu. Yawezekana pia alikuwa anaonyesha nyumba nyingine ikiliwa. Mimi nadhani yote mawili, ila anayeshika kapu la sadaka angeanza na hilo la pili.

Jumapili moja nilikaa nyuma ya mama muuza mboga wa mtaani kwetu. Ilipoitwa sadaka ya "mbegu" alifungua pindo la khanga, akatoa noti ya elfu tano iliyokunjwa mara nne, akaitazama, akasimama, akaenda mbele. Kesho yake jioni nilipita gengeni kwake. Mezani palikuwa na mafungu matatu ya mchicha. Nyanya, akaniambia, labda Jumatano.