Kiwanja kitupu katikati ya jiji, na hakuna aliyeweka hata kibanda

Juzi nilishuka treni hapa Edmonton, Kanada, kituo cha Blatchford Gate, nikaingia kwa miguu ndani ya mtaa mpya wa Blatchford kumtembelea mtu. Njiani nikamkuta sungura. Wa porini, mkubwa, ameanza kubadilika rangi kuelekea ule weupe wao wa baridi. Amekaa katikati ya kiwanja kilichopimwa, barabara ya lami mbele yake, taa za barabarani, mabomba yameshafukiwa, na katikati ya jiji si mbali. Kiwanja cha aina hiyo Dodoma kingekuwa na hati tatu, kesi moja na marehemu mmoja. Yeye anatafuna nyasi. Nikacheka peke yangu barabarani, halafu nikakasirika, na hasira haijaisha ndiyo maana naandika.

Hapo palikuwa uwanja wa ndege. Ulianza miaka ya 1920 kwenye ardhi iliyokuwa shamba, ukapewa jina la Kenneth Blatchford, meya wa wakati huo. Vita vya Pili ndege za Wamarekani zilikuwa zinatua hapo kwa wingi zikielekea Alaska. Jiji likakua mpaka likauzunguka, kama Dodoma ilivyouzunguka wa kwetu. Mwaka 2009 madiwani wakapiga kura ufungwe kwa awamu, mwaka uliofuata njia moja ya kurukia ikafungwa, na mwisho wa Novemba 2013 ukafungwa kabisa. Si kwamba watu walikubali kimyakimya. Marubani walipinga, wafanyabiashara walipinga, saini zilikusanywa ili wananchi wote wapige kura. Hoja nzito ilikuwa ya wagonjwa: ndege zinazoleta majeruhi na wajawazito kutoka vijiji vya kaskazini zilikuwa zinatua dakika chache tu kutoka hospitali kubwa, sasa zitue uwanja wa kimataifa nje kabisa ya jiji, kusini. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa na hoja ile hainitoki mpaka leo. Sitawadanganya kwamba kila kilichofanyika hapa kilikuwa cha haki.

Lakini tazameni kilichofuata. Ardhi ya hekta 217, katikati ya jiji lenye watu wapatao milioni moja, ikabaki tupu. Wakazi wa kwanza walihamia 2020. Hesabuni wenyewe: 2013 mpaka 2020. Miaka yote hiyo hakuna aliyeweka kibanda. Hakuna fremu zilizoota pembeni ya uzio. Hakuna mkubwa aliyemegewa kipande cha kona "kwa muda", hakuna ukumbi wa harusi, hakuna yadi ya magari, hakuna kituo cha mafuta kilichochomoza usiku. Jiji lenyewe ndilo mwenye ardhi na ndilo linaloendeleza. Linapima, linaweka miundombinu, ndipo linawauzia wajenzi kipande kwa kipande, kwa masharti.

Na masharti si ya mchezo. Nyumba za pale haziunganishwi na gesi, katika mkoa ambao gesi na mafuta ndiyo maisha yake! Badala yake chini ya bwawa la maji ya mvua wamechimba mashimo 570, kila moja mita 150 kwenda chini. Mtu wa Dodoma akisikia mita 150 anajua hapo tunatafuta maji, tuombe Mungu yasiwe ya chumvi. Hawa hawakutafuta maji, walitafuta joto. Maji yanazungushwa kwenye mabomba yaliyofungwa, ardhini wanakochimba hakuna kuganda hata nje kukiwa nyuzi thelathini chini ya sifuri, pampu za joto ndani ya nyumba zinakuza lile joto dogo, watu wanapata joto. Kiangazi wanageuza: joto la ndani linarudishwa chini kwenye udongo likangoje baridi. Bwawa lenyewe juu yake ni bustani, watu wanalizunguka na mbwa wao. Njia za kurukia ndege zimegeuzwa kuwa mhimili wa bustani na barabara, ukisimama sehemu fulani bado unahisi ule unyoofu mrefu wa mahali palipokuwa pa ndege. Mnara wa kuongozea ndege wameuacha.

Najua mtakachosema. Nawasikia kabisa, na wa kwanza ni kaka yangu.

"Huyu amekwenda kwa wazungu miaka michache anataka kutufundisha." Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Chang'ombe ya Dodoma, vumbi lile najua linavyoingia kwenye ugali. Sikuja huku kwa kuwachukia. Na kama ni kujidai, nijidai na nini? Nyumba za Blatchford siwezi kununua. Bei zake si za mtu anayegeuza wagonjwa kitandani zamu ya usiku. Napanga ghorofa la zamani upande mwingine wa jiji, lenye lifti inayokwama.

"Mradi wenyewe umechelewa." Kweli kabisa, na hapa nawaunga mkono bila kusita. Walisema watu mpaka elfu 30 wataishi pale. Leo bado sehemu kubwa ni nyasi na yule sungura. Madiwani wanabishana juu ya fedha za ule mfumo wa joto, na kituo cha treni nilichoshukia kimefunguliwa mwanzoni mwa 2024 tu. Kwa muda huohuo sisi tumefanya nini? Serikali imehamia Dodoma, mji umetangazwa kuwa jiji mwaka 2018, Mtumba imeota wizara, treni ya SGR imefika kutoka Dar. Nkuhungu, Iyumbu, Nala, Ihumwa, watu wamejenga kwa tofali za mkononi, bila mkopo wa benki, mshahara kwa mshahara, bati leo, dirisha mwakani. Nikiwaeleza wenzangu kazini kwamba mwalimu wa shule ya msingi kwetu anajenga nyumba yake mwenyewe na haidaiwi na benki yoyote, hawaamini. Huku mtu anazeeka na deni la nyumba. Kwa kujenga, hatuna wa kutufundisha.

Shida yetu haijawahi kuwa kujenga. Shida yetu ni kuacha wazi.

Kitu kitupu kwetu kinawasha watu mikono. Eneo la wazi kwenye ramani ni eneo ambalo bado halijapata mwenyewe. Kila mwenyeji wa Dodoma ana orodha yake ya viwanja vya mpira alivyochezea utotoni ambavyo leo vina geti, na sina haja ya kuitaja hapa, mnaijua. Baba yangu alipewa kiwanja na ofisi moja (siitaji), akalipia, akapanda miti, akakuta mtu mwingine ana karatasi ya kiwanja hichohicho, mhuri huohuo, tarehe zinatofautiana wiki chache. Miti ilikatwa. Mnataka niendelee?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mji wetu haukuanza bila ramani. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ulifanyika 1973, CDA, mamlaka ya kuustawisha mji huo, ikaundwa mwaka huohuo, na mpango mkuu wa 1976 ulichorwa na kampuni ya Toronto. Wakanada! Hawahawa. Na haukuwa mpango wa majumba ya kutisha wala barabara za magwaride. Ulitaka mji wa watu wanaotembea kwa miguu na kupanda mabasi yenye njia zake, makazi yanayopangwa yakifuata vilima, maeneo ya kijani katikati ya jamii na jamii. Wakati huo Kanada yenyewe miji ilikuwa inatambaa kwa magari. Haya wanayoyaita sasa mji endelevu, na kuyatangaza kwa picha nzuri pale Blatchford, mengi yake sisi tulikuwa tumeshachorewa kabla mimi sijazaliwa. Wao wamechelewa miaka arobaini wakafanya. Sisi tuliwahi, tukaiweka karatasi kabatini. CDA ikavunjwa 2017, na waliokuwa na hati zake wanakumbuka kwamba kuvunjwa kwake kulishangiliwa mitaani, nami sishangai, ila ramani haikuwa na kosa.

Sasa kwa nini nayasema leo? Kwa sababu ya Msalato, ule uwanja mpya wa ndege nje ya mji. Ndege zikihamia Msalato zote, ule uwanja wa zamani pale mjini utabaki. Fikirini ukubwa wake: njia ya lami inayozidi kilomita mbili, tambarare, imefika Area C, Area D, Makole, soko si mbali, stesheni si mbali. Tuliona njia hiyo ilivyorefushwa, na majirani wakapisha. Hakuna kiwanja kingine kama hicho katikati ya makao makuu ya nchi, na hakitatokea kingine. Unaweza kuweka nyumba za watumishi za ghorofa nne au tano, shule, soko, zahanati, njia ya baiskeli juu ya lami iliyopo tayari, miti ya mikuyu na miarobaini, na mabwawa ya kukinga mvua zile chache zetu zinazokuja kwa hasira na kuondoka na barabara. Joto la ardhini hatulihitaji, tunalo jua. Kila paa lingekuwa na sola na kila paa lingevuna maji.

"Ndoto za majuu. Watu wanataka maji ya bomba, wewe unaleta bustani." Mimi bustani nimeitaja kwa sababu maji yanazama ardhini mahali ambapo hapajasakafiwa. Sakafia kilomita mbili zile kwa fremu na pevingi, kisha mvua ya Januari ije, halafu mniambie maji yataingia kwa nani. Yataingia kwa wale waliojenga bondeni.

"Hata hiyo ardhi yenu ya Edmonton waliwapokonya wenyeji." Ndiyo. Mkataba wa Sita, wa wenyeji na Ufalme wa Uingereza, 1876, na wenyeji bado wanadai. Kabla ya mikutano mingi huku wanatamka kwamba wako kwenye ardhi ya Mkataba wa Sita, kisha wanaendelea na ajenda kana kwamba wamesoma dua ya kufungua. Silitetei hilo. Ila hoja ya kwamba mwizi wa zamani sasa analinda vizuri haiondoi swali la sisi wenye ardhi yetu wenyewe kwa nini hatulindi.

Na wanavyolinda si kwa uchamungu, msifikiri ni malaika. Ni kwa kero. Mtu akitaka kubadili matumizi ya ardhi, linasimikwa bango palepale kwenye kiwanja, kubwa, linasema nini kinaombwa. Linafuata shauri la hadhara mbele ya madiwani. Bibi wa jirani anapewa dakika tano zake za kulalamika kuhusu kivuli kitakachoangukia nyanya zake, na madiwani wanakaa wanamsikiliza, wamenuna, lakini wamekaa. Nimewahi kuangalia shauri moja mtandaoni nikasinzia. Mikutano mirefu, ya kuchosha, watu wanazungumzia maegesho kana kwamba ni vita. Kumbe uchoshi huo ndio uzio. Anayetaka kumega kipande usiku lazima kwanza apite kwa yule bibi wa nyanya mchana.

Kwetu bango la kwanza unaloliona ni alama ya X nyekundu kwenye ukuta wako.

Na msiniambie sheria hatuna. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ipo, na mambo ya kutangaza mpango na kuwasikiliza wananchi yamo. Mwenyekiti wa mtaa wenu awaambie mkutano wa mwisho aliouitisha kuhusu ramani ulikuwa lini. Siyo mkutano wa mwenge, siyo wa mchango wa madawati. Wa ramani.

Mama yangu mdogo alinipigia akaniuliza, "Sasa wewe unahangaika na uwanja wa ndege unataka nini, unataka kiwanja pale?" Nikamjibu ndiyo, mama, nataka. Nikistaafu nataka kuishi ghorofa ya kwanza pale, nitembee kwa miguu mpaka sokoni, nikae barazani bila kumeza vumbi. Kama hilo ni jeuri ya mtu wa ng'ambo basi niandikieni jina. Lakini kabla ya mimi kutaka kiwanja, nataka kwanza pawepo mahali ambapo hakuna mtu atakayepata kiwanja, mimi nikiwemo. Pabaki. Pachorwe kwa wino, pawekewe bango, na atakayetaka kupagusa aje kusimama mchana mbele ya watu wa Makole aeleze kwa nini.

Kwa hiyo swali langu ni la kawaida kabisa kwa aliye Dodoma na anayefika ofisi za jiji: ramani ya eneo la uwanja wa zamani imeshachorwa? Kama imechorwa, imebandikwa ofisi gani, na siku ya mwisho ya kupeleka maoni ni lini? Dada yangu yuko Area C, ana muda Jumatatu asubuhi, na nimeshamtumia nauli ya bajaji.