Gradienti ikitoka na mistari, angalia faili kwanza kabla ya kufungua mashine

Hebu tuongee hii maneno ya gradienti, yaani rangi inayobadilika polepole kutoka moja hadi nyingine, kwa sababu naona watu wa printing hapa Nairobi, kuanzia River Road mpaka Industrial Area, wakiharibu vinaili (ile plastiki ya kuprintia) na wino wakitafuta shida mahali haiko. Bango la duka linatoka, bluu ilikuwa inafaa kufifia polepole kutoka juu hadi chini, lakini imekatika mistari mistari, na kitu ya kwanza fundi anafanya ni kukimbilia hedi, ile sehemu ya printa inayorusha wino. Anasafisha, anasafisha tena, wino unaenda kwa ndoo, anaprinti upya na mistari iko pale pale vile ilikuwa. Ukiniuliza mimi, mara nyingi hiyo mistari iliingia kwa kompyuta ya dizaina kabla hata printa haijawashwa, na ni hesabu tu.

Angalia hivi. Faili ya kawaida ni ya biti 8, maana yake kila chaneli ya rangi iko na viwango 256 pekee kutoka sufuri mpaka mwisho. Sasa dizaina amechora bango la mita 4 na ametaka ile kitu tulivu, bluu inayoanza asilimia 100 inaishia 80, hakuna kingine kinabadilika. Asilimia 20 ya viwango 256 ni kama 51 hivi. Gawanya mita 4 kwa 51, unapata karibu sentimita 8. Yaani rangi inakaa vile vile kwa sentimita 8 nzima halafu inaruka, inakaa tena, inaruka tena, na hakuna mashine duniani inaweza kulainisha kitu ambacho faili yenyewe imeagiza kiwe hivyo. Chukua hiyo hiyo gradienti uiweke kwa karatasi ya A4 uliyompa kastoma akubali, kila hatua inakuwa haifiki hata milimita 6 na kila mtu anasema iko sawa kabisa. Ndio maana proof, hiyo sampuli ya kukubali, inapita vizuri halafu kazi kubwa inarudishwa. Roll-up (bango la kusimama) ya mita 2 inayotoka bluu kamili mpaka nyeupe haisumbui sana, kwa sababu pale viwango vyote 256 vinatumika na kila hatua iko chini ya milimita 8. Kwa hivyo si ukubwa wa bango peke yake, ni rangi inabadilika kiasi gani kwa umbali gani, na zile gradienti za kistaarabu zinazobadilika kidogo tu ndio mbaya zaidi, hasa kwa rangi za giza.

Halafu kuna ile kauli ya "wacha tu, hii ni ya kuonwa mbali". Hiyo siikubali hata kidogo. Kwa doti ni kweli, doti za wino zikiwa juu pale Thika Road mtu akiwa kwa gari haoni kitu, hata rezolusheni ya chini inapita. Lakini ukanda wa sentimita 8 hauyeyuki kwa umbali, mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara ndio anauona vizuri zaidi kuliko fundi aliyeuinamia pale kwa meza, maana yeye anaona bango lote kwa mara moja. Na jicho letu linaongezea, pale viwango viwili vya rangi vinapokutana linauona mpaka ukiwa mkali kuliko vile uko, mwanafizikia Ernst Mach wa Austria alieleza hiyo kitu tangu 1865. Mwenye duka analipia hilo bango, analipa na kaunti ada ya tangazo kila mwaka, halafu tunampa kitu cha mistari. Haifai.

Kujua kama ni faili au ni mashine si kazi ngumu. Zungusha hiyo kazi digrii 90 kwa programu ya RIP, ile inayogeuza faili kuwa doti za printa, printi kipande kidogo. Mistari ikizunguka pamoja na gradienti, ni faili, wacha hedi ipumzike. Mistari ikibaki ile ile inayoenda kushoto kulia, njia ambayo hedi inapita, hapo sasa ni mashine. Na ya mashine utaiona hata kwa rangi moja tupu isiyo na gradienti yoyote. Usiamini skrini peke yake pia, kuna skrini nyingi za bei rahisi zinaonyesha mistari ambayo kwa faili haiko.

Sasa dawa. Ile naipenda kuliko zote ni kufanyia gradienti kwa Photoshop ukiwa kwa biti 16, pale viwango ni zaidi ya 32,000, halafu unaweka noizi kidogo, asilimia 1 au 2, ndio unarudi biti 8. Noizi ni chembechembe tu, lakini zinavunja ule mpaka kati ya kiwango na kiwango, piseli za huku zinachanganyika na za kule na jicho halipati mahali pa kushika mstari. Kwa laptop ukizuum utaona inakaa chafu chafu na utaogopa, usiogope, kwa vinaili hiyo inapotea kabisa. Pia ukiweza ruhusu chaneli ya pili ibadilike, magenta (wino wa waridi) kidogo ikipanda wakati sayani (wino wa bluu) inashuka, unapata hatua nyingi zaidi na haziruki zote mahali pamoja.

Lakini hiyo kazi yote inakufa ukituma faili kwa WhatsApp kama picha. Inabanwa kuwa JPEG ya uzito mdogo, na JPEG inafanya kazi kwa viboksi vya piseli 8 kwa 8, kitu ya kwanza inatupa ni hizo chembechembe zako, inabaki na vibamba. Tuma kama dokumenti, ama weka kwa flashi, ama peleka linki ya Drive, yoyote ile bora si kama picha. Nimeona watu wanabishana juu ya wino wa kampuni gani ni mzuri na faili yenyewe ni screenshot.

Wale wa CorelDRAW na Illustrator, gradienti ya vekta (ile inachorwa kwa hesabu, si kwa piseli) ni sawa, lakini angalia unatoa vipi. Zile faili za EPS za zamani zinakata gradienti iwe vipande vilivyopangwa, hiyo ilikuwa ndio njia kabla PostScript 3, lugha ya kuongea na printa, haijaleta shading laini mwaka 1997, na mpaka leo kuna watu bado wanahifadhi hivyo kwa mazoea. Toa PDF ya kisasa. Kwa Corel angalia idadi ya hatua za fountain fill (gradienti kwa jina la Corel) isiwe imewekwa chini.

Kuna ile ingine si mistari lakini inaudhi vile vile, rangi kuchafuka katikati. Nyekundu kwenda kijani inapitia kwa matope, lazima uweke rangi ya tatu pale kati, njano mara nyingi inaokoa. Na bluu kwenda nyeusi, usiishie kwa nyeusi tupu ya K100 (K ni wino mweusi, C sayani, M magenta, namba ni asilimia), kwa sababu bluu inaondoka kabla nyeusi haijajaa na pale kati panakuwa pamepauka. Acha hiyo nyeusi ibebe sayani na magenta ya ile bluu, tuseme C60 M40 K100, kama RIP na material zinabeba wino huo.

Ikiwa kweli ni mashine basi fanya nozo cheki, ile ya kuona kama vitundu vyote vya hedi vinatoa wino, halafu angalia feed, yaani vile mashine inavuta material: mistari myeupe maana yake material inavutwa sana, ya giza maana yake inavutwa kidogo na pasi (safari za hedi juu ya material) zinapandana. Ukibadilisha roli, cheki tena, roli mpya nzito haivutiki kama ile imebaki mita chache. Stima ikipotea katikati ya gradienti usijaribu kuendelea pale iliishia, wino wa kwanza umeshakauka, ule mstari hautatoka, anza upya.

Na gari za matatu. Hii inahitaji uangalifu wake kabisa. Vinaili ni ya mita 1.52, body ni ndefu, kwa hivyo gradienti ya zambarau kwenda nyeusi lazima ikatwe paneli. Mtu anageuza paneli moja kichwa chini ndio apunguze kuharibu material, na pale kwa mlango paneli mbili zikikutana, zambarau ya huku inavuta kwa nyekundu kidogo na ya kule inavuta kwa bluu, juani unaiona ukiwa bado uko mbali na steji. Printi paneli zote upande mmoja, roli moja, siku moja, pasi zile zile, na uache sentimita moja hivi ya kupandana.

Kitu inaniuma zaidi ni hii ya pasi. Duka linatangaza bei ya chini kwa skwea mita, halafu kila kazi inapitishwa kwa pasi 4 ndio foleni iishe, hata kama imejaa gradienti. Pasi 8 inachukua karibu muda mara mbili lakini kosa la nozo moja linasambaa na halionekani. Mimi nasema bei ziwe mbili na ziandikwe pale kaunta, kastoma achague akijua. Na kabla ya kuprinti mita zote, atolewe kipande cha upana wa sentimita 10 chenye gradienti yote kwa urefu wake halisi, kisipunguzwe, kibandikwe ukutani na yeye aende akiangalie kutoka ng'ambo ya barabara. Akisema sawa ndio roli iingie.